Leseni ya Mzee Ojwang' na Maji ya Umma

Wiki niliyokabidhi funguo za ofisi, vijana kadhaa wa idara ya uvuvi walinisindikiza hadi getini wakaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Mmoja wao alitaka hasa kujua kama ni kweli kwamba siku yangu ya kwanza nilimwambia mkubwa wangu kuwa kazi aliyonipa haikustahili kuwepo. Ni kweli, na nitaanzia hapo. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara ya idara mnaijua wenyewe.

Nilitoka chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na shahada ya elimu ya wanyama na tabia ya kuuliza "kwa nini" hata nikikaribishwa chai. Nilikulia mtaa wa Bahati, Nairobi, katika nyumba ambayo samaki hakuwahi kuingia. Mama alisema samaki ni nyoka aliyepotea njia. Familia nyingi zilizotoka Mkoa wa Kati zilikuwa hivyo wakati huo. Majirani zetu kutoka magharibi walipokaanga ngege, mama alifunga dirisha, kisha baada ya muda akalifungua kidogo, kwa sababu harufu ilikuwa nzuri. Idara, kwa busara yake, iliona mimi ndiye wa kusimamia samaki.

Kituo changu kilikuwa chumba cha mabati upande wa chini wa Kariobangi, kando ya shimo la mawe lililoachwa. Watu wa Eastlands shimo kama hilo huliita kware. Mawe ya kware yetu yalijenga nyumba nyingi za mitaa ile, hadi siku wachimbaji walipokuta maji ya chini wakaondoka na mitaimbo yao. Mvua ilimalizia kazi. Likawa bwawa lenye kuta za mawe pande tatu na ufuo wa kokoto upande wa nne. Idara ikatia vifaranga vya ngege, ikazungusha waya, ikaweka lango na kibao: anayetaka kuvua kwa kujiburudisha awe na leseni ya mwaka, na kila aingiapo alipe ada ndogo ya ardhi ya umma.

Mkubwa wangu aliitwa Bwana Kimeu, mtu wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya kutangazia mikutano hata akiwa anaomba chumvi. Siku ile ya kwanza alinionyesha vifaa: mizani ya kuning'iniza, ubao wa kupimia urefu wa samaki, filimbi, viatu vya mpira vilivyokuwa vikubwa kwangu, na kopo la beji. Kila aliyenunua leseni alipewa beji ya bati yenye namba, aibandike kwenye kofia au koti ili mlinzi aione kwa mbali. Kimeu aliipangusa mizani kwa leso yake mwenyewe, kama anayemfuta mtoto pua.

"Swali?" akaniuliza.

"Ndiyo, bwana. Hili bwawa ni la nani?"

"La umma."

"Na wanaolipa kuingia ni nani?"

"Umma."

"Kwa hiyo mtu analipa kuingia kwake?"

Kimeu aliiweka mizani chini polepole. "Binti wa chuo kikuu, kwenu Bahati bomba likipasuka, fundi mnamlipa au mnamwambia nyumba ni yetu?"

"Tunamlipa akitengeneza. Hapa kumetengenezwa nini?"

"Waya."

"Waya ni wa kuzuia asiyelipa. Kwa hiyo tunamtoza ili tupate cha kumzuia asipotozwa."

"Utakaa hapa muda mrefu," akasema. Sikujua kama ni laana au ni tathmini.

Nilikuwa na hoja zangu. Sheria ya leseni tuliirithi kutoka kwa wakoloni, waliokuwa wameiandikia mito ya baridi ya milimani, ambako mabwana walivua trauti kwa fimbo za gharama na hawakuhitaji samaki wenyewe. Kwao kuvua ilikuwa burudani, na burudani ina ada. Sasa sheria ileile ilikuwa imeletwa Eastlands, kwa fundi wa makopo wa Kariobangi aliyefunga ndoana kwenye ufito. Niliona kama tunamwambia maskini kwamba kupumzika ni anasa. Kimeu naye alikuwa na hoja zake. Bila leseni, alisema, kware ingevuliwa kwa nyavu wiki moja, na wiki ya pili watoto wa Kariobangi wangekuwa wanaogelea juu ya matope. Kila asubuhi tulianza hapo tulipoachia jioni.

Kazi yenyewe ilinifundisha mambo ambayo shahada haikuyataja. Nilijifunza kwamba mtu asiye na leseni hukimbii kumshika, unapita nyuma yake ukimsalimia, kwa sababu kando ya kware ni kwa kuteleza na wewe ndiye umevaa viatu vikubwa. Kwamba ngege huanza kuuma chambo jua likishapasha mawe. Kwamba kila asiye na beji ana maelezo. Kijana mmoja aliniambia hakuwa akivua, alikuwa akiosha ndoana. "Na nyungunyungu?" nikamuuliza. "Huyo pia ni mchafu, madam." Nilimwachilia. Kimeu aliponiuliza sababu, nilisema ushahidi ulikuwa msafi.

Kesi iliyonishika zaidi ya zote ilianza kimyakimya Jumapili moja.

Kulikuwa na kundi la wazee watano wa reli waliokuja kila Jumapili kutoka Makongeni, mtaa wa nyumba za reli. Walikaa kwenye kokoto kwa mstari, fimbo zao zimelazwa pembeni, wakipiga gumzo la Kijaluo lililochanganyika na Kiswahili. Mmoja wao tu ndiye aliyekuwa amezamisha mshipi majini. Huyo hakusema neno. Alikuwa Mzee Ojwang', aliyestaafu kutoka kazi ya ishara za treni, mwembamba, koti lake limefungwa vifungo vyote hata kwenye jua. Beji ilikuwa kifuani.

Baada ya muda akavuta mshipi wake, akasimama, akabandua beji. Mwenzake wa karibu naye akasimama. Wakatazamana kama watu walio kazini.

"Laini i wazi?"

"Laini i wazi."

Beji ikabadilisha koti. Mzee Ojwang' akaenda kukaa mwisho wa mstari, akawa msemaji kuliko wote. Yule mwingine akarusha mshipi, akanyamaza.

Nilipuliza filimbi kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Ilitoa sauti mbaya sana.

"Mzee, umefanya nini hapo?"

"Nimemaliza zamu, nyara," akasema. Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. Aliniita hivyo tangu siku hiyo, hata tulipokuwa tunagombana.

"Leseni ni ya mtu mmoja. Jina lako ndilo liko kwetu. Huwezi kumpa mwingine."

Wazee wote watano walinitazama kwa mshangao wa kweli. Hawakuwa na uso wa watu walioshikwa.

"Mtu mmoja ndiye anayevua," Mzee Ojwang' akasema. "Hujaona? Mmoja tu. Kamwe hatuweki wawili."

Kisha akanieleza. Reli yetu kwa sehemu kubwa ni njia moja, treni za kwenda na za kurudi hupita palepale. Ili zisikutane, njia hukatwa vipande, na kila kipande kina kifaa cha chuma wanachokiita tokeni. Dereva haingii kipande bila kukabidhiwa tokeni mkononi. Akitoka huirudisha, na mwingine hupewa. Hakuna tokeni, huingii, hata akupungie mkono waziri. Mzee Ojwang' alikuwa amezikabidhi tokeni maisha yake yote ya kazi. Siku aliponunua leseni akapewa bati lenye namba la kuvaa kifuani, hakuona haja ya kuuliza ni la nini. Alilijua. Ni ruhusa ya kuingia njiani, na anayelishika ndiye aliye njiani.

"Hatujaiba hata samaki mmoja," akasema. "Hata wewe ukiwa umelala, hatuwezi kuweka mishipi miwili. Ni hatari."

"Hatari gani, mzee? Haya ni maji."

"Nyara, hatari huanza hivyohivyo, kwa mtu kusema haya ni maji."

Nilipaswa kucheka, lakini nilivutiwa. Hapa kulikuwa na watu waliolipa leseni na kuiheshimu kuliko sisi tulioiuza, ila walikuwa wameielewa kwa namna yao. Nikawaonya kwa mdomo, nikamweleza Kimeu, naye akasema onyo limetosha. "Lakini wakirudia, anayeshtakiwa ni mwenye jina. Kuazimisha leseni ni kosa la mwenye leseni. Na akihukumiwa, hatavua tena kwenye maji yoyote ya idara." Wakarudia Jumapili iliyofuata. Mimi nikageuka kuhesabu vyura.

Ingeishia hapo kama si Kamau. Alikuwa mwuza nyama wa Soko la Burma, mtu mnene mwenye mikono ya kuvunjia mifupa na sauti ya kushindana na soko zima. Samaki hakula, kama mimi. Alikuja ofisini akanunua leseni ya mwaka na kuniambia sababu bila kuulizwa: mkewe alikuwa amemwambia atafute mahali pa kunyamazia, maana hata nyumbani alikuwa akiita wateja. Niliipenda sababu hiyo. Nikambandikia beji mwenyewe.

Jumapili akaja na kiti cha kukunja, akakifungua kwenye kokoto, hatua chache kutoka kwa wazee wa reli, akarusha mshipi. Mzee Ojwang' alikuwa kwenye zamu. Akageuza kichwa.

"Wewe, toa huo mshipi."

"Mzee, habari ya Jumapili."

"Njema. Toa mshipi. Laini ina mtu."

"Laini gani? Haya maji si ya reli." Kamau akajigonga kifua. "Unaona beji? Nimelipa kama wewe."

"Beji mbili kwenye kipande kimoja ni ajali."

"Ajali ya nini? Mimi ni treni?"

"Kwa ukubwa, ndiyo," akasema mmoja wa wazee, Odhiambo, na kundi lote likaangua kicheko. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu. Kamau angevumilia kukatazwa, alizoea kubishana. Kuchekwa mahali alipokuja kutafuta utulivu kulimuuma. Akakunja kiti, akapita karibu yangu bila kunitazama, na Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini mbele ya Kimeu, amesimama.

"Wale wazee wana leseni moja wanapokezana kama sigara," akasema. "Mimi nimenunua yangu nikafukuzwa. Nataka kujua, niliponunua nilinunua nini?"

Akanigeukia, akaendelea kwa Kikuyu, kwamba mimi ni wa kwao na nitamwelewa. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba ningemwelewa hata kama angetoka mwezini. Lakini swali lake lilikuwa langu. Siku ile ya kwanza niliuliza ada inanunua nini, na sasa kulikuwa na mtu mbele yetu aliyelipa na hakupata chochote.

Kimeu aliondoa miwani. "Sasa ni malalamiko rasmi. Nenda ukachukue ile beji, umpe Mzee Ojwang' taarifa ya mashtaka."

"Bwana, yule mzee hajui amekosa nini."

"Umemwambia."

"Nimemwambia. Hajaamini."

"Mahakamani wataamini kwa niaba yake."

Nilikwenda Makongeni jioni hiyo. Mzee Ojwang' aliishi kwa binti yake, mfanyakazi wa usafi hospitalini, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Wajukuu walikuwa wakifanya hesabu za shule juu ya meza, na kiti kimoja kilichokuwepo nilipewa mimi. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu imekunjwa ili watoto wapite. Kila mtu aliyetaka kwenda mlangoni alimwomba samahani, na kila mara aliinua magoti. Nilipokuwa pale aliinua magoti mara nyingi kuliko alizoongea.

Nikamweleza. Hakuhamaki. Akaniuliza jambo moja tu.

"Wakinihukumu, kware basi?"

"Kware basi, mzee. Na maji mengine yote ya idara."

Akawatazama wajukuu. "Unaona hapa? Jumapili nikitoka, hawa wanapata pa kunyoosha miguu. Na mimi napata. Siku nyingine zote mimi ni kitu kilichowekwa njiani." Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kutafuta huruma. Kisha akatoa beji kwenye mfuko wa koti, akainyoosha kwangu. Nilipoishika hakuiachia.

"Unaichukua kwa zamu au kwa kunyang'anya?"

Nikaiachia mkononi mwake, nikasema nitarudi, nikatoka bila kumwachia taarifa.

Asubuhi Kimeu alininyooshea kiganja akisubiri beji. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba kuhusu ukoloni, na nikaianza: kwamba zile sheria ziliandikwa kwa mabwana wa milimani, na kwamba mabwana wenyewe hawakuwahi kubanwa hivi.

"Usinifundishe habari za mabwana," Kimeu akasema. "Nikiwa kijana niliwabebea mifuko yao. Nimesimama kwenye ile mito hadi vidole vya miguu vikawa vyeupe kuliko wao."

"Nao walikuwa na leseni kila mmoja?"

"Walikuwa na kibanda chao mtoni. Ndani kuna ubao wenye misumari, na kwenye misumari vibati. Anayekwenda kuvua anachukua kibati cha sehemu yake. Vibati vikiisha, unakaa kibandani unakunywa chai unangoja mwenzako arudi."

Nadhani sote wawili tulisikia alichosema kwa wakati mmoja.

"Na waliopokezana vile vibati," nikauliza polepole, "walishtakiwa lini?"

"Hawakushtakiwa. Walikuwa chama. Chama kinalipa leseni moja ya maji, wanachama wanapokezana nafasi. Ni halali hadi leo." Akakuna shingo. "Hakuna aliyewahi kuomba hapa."

"Kwa sababu hakuna aliyewaambia watu wa hapa kwamba ipo."

"Usianze," akasema Kimeu, lakini alikuwa ameshakaa chini na kuvuta karatasi. "Wazee watano wanatosha chama. Ila kuna tatizo. Maji ya umma hayapewi chama cha kazi moja. Wakiwa wote wa reli, nitakataa mimi mwenyewe kabla makao makuu hayajakataa. Wanahitaji mtu wa nje."

"Yeyote?"

"Yeyote mwenye leseni ya mwaka huu, anayevua kwenye maji hayo." Akanitazama juu ya miwani, nikaona kwamba tayari alikuwa anajua ni nani, na kwamba alikuwa anafurahia.

Mzee Ojwang' alikataa mara tatu. Mara ya kwanza alisema mwuza nyama hana nidhamu. Mara ya pili alisema mtu anayekuja na kiti chake ana kiburi. Mara ya tatu nilimwambia wazi: "Mzee, ni Kamau au mahakama." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Twende kabla sijabadili nia."

Soko la Burma wakati wa mchana ni moshi na panga. Kamau alikuwa nyuma ya meza yake akipasua ubavu wa ng'ombe, akiita wateja bila kuinua kichwa. "Customer, kuja! Nyama ya leo, si ya jana!" Akatuona. Panga likabaki juu kidogo kuliko lilivyohitajika.

"Madam. Umeniletea treni?"

"Nimekuja mwenyewe," Mzee Ojwang' akasema. "Nataka kukuuliza jambo, na sitaki kuuliza mbele ya ng'ombe."

"Ng'ombe amekufa, mzee. Uliza."

Mzee Ojwang' akaeleza habari ya chama, kwa maneno machache, akitazama mizani ya ukutani. Kamau alisikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono kwa aproni.

"Kwa hiyo nisipoingia, wewe unapelekwa kortini."

"Ndiyo."

"Na Jumapili mlinicheka."

"Alicheka Odhiambo. Ni kweli na sisi tulicheka."

"Mke wangu bado ananicheka. Ananiambia nilienda kunyamaza nikarudi nikipiga kelele." Akainamia meza. "Niambie kitu kimoja. Mko watano, maji ni mapana. Kwa nini mshipi mmoja? Mnaogopa nini?"

Nilidhani angerudi kwenye mambo ya treni. Mzee Ojwang' alifikiri kwanza.

"Anayevua lazima anyamaze," akasema. "Sote tukivua, sote tutanyamaza. Sasa nimetoka Makongeni nije kunyamaza na Odhiambo? Wanne wanaongea, mmoja ananyamaza, tunabadilishana. Ile zamu ya kunyamaza ndiyo hakuna anayeipenda sana."

Kamau akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichofanya wauza nyama wa meza jirani wageuke.

"Jaduong'," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nikisikia mtu wa Burma akimwita mzee wa Kijaluo kwa heshima ya lugha yake, "mimi hiyo ndiyo ninayoitaka! Nipeni mimi ya kunyamaza. Yote!"

"Hapana. Hiyo si haki. Kila mtu ana zamu."

"Basi nipe kipande changu. Kule kwenye ukuta wa mawe, hamkai."

Hapo mzee wa ishara akaamka ndani yake. Njia ndefu, alisema, hukatwa vipande, na kila kipande na tokeni yake. Kware ikikatwa kwenye jiwe kubwa jeupe, upande wa kokoto uwe kipande cha kwanza na wa ukuta cha pili, beji mbili zinaweza kuwa majini bila ajali. Lakini Kamau akitaka kuvuka jiwe jeupe lazima aombe.

"Nitaomba," Kamau akasema. "Na ninyi mkitaka kuja kwangu?"

"Tutaomba."

"Na kiti changu?"

Mzee Ojwang' alisita. "Kiti kinaweza kuja."

Kamau alifunga mifupa ya supu kwenye gazeti akampa, akakataa kulipwa, wakabishana juu ya hilo zaidi kuliko walivyobishana juu ya maji. Kimeu akaandikisha chama, Kamau akawa mweka hazina kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na sanduku lenye kufuli. Taarifa ya mashtaka nilimrudishia Kimeu mezani. Alikuwa ameshaipeleka habari makao makuu. "Nitawaambia mshtakiwa amegeuka chama," akasema, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo nilipata jibu kuhusu ada. Sikulipata. Hadi leo sijashawishika kwamba mwenye maji anapaswa kulipia kuyatazama maji yake, na ile ada ya lango nilipendekeza iondolewe kila mwaka hadi ilipoondolewa, kisha nikaona lango limeanguka na hakuna wa kulisimamisha, nikabaki bila la kusema kwa wiki nzima, jambo ambalo Kimeu alilitaja kwenye sherehe yake ya kustaafu. Lakini niliona kitu kimoja ambacho nataka wadogo zangu mkiangalie mnapotoa risiti. Tazameni yule mtu anavyoondoka dirishani. Kama anaondoka kama aliyetozwa faini, kuna kitu hatujamuuzia.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, malori yalianza kuja kware. Mtu fulani mwenye mkataba wa kuzoa taka aliona ni karibu kuliko dampo, akaanza kumwaga upande wa ukuta wa mawe. Tuliandika barua. Tukaandika nyingine ya kukumbushia ya kwanza. Kimeu alikuwa akisema mambo haya yana ngazi zake.

Siku moja katikati ya wiki mlango wa ofisi ulifunguliwa bila kubishwa. Mzee Ojwang' aliingia, koti limefungwa vifungo vyote, beji kifuani. Hakusalimia. Alivuta kiti kilichokuwa mbele ya Kimeu, akakaa, akanyoosha miguu yake yote miwili hadi chini ya meza ya mkubwa wangu.

"Lori limekuja tena," akasema. "Wewe ndiye unayehusika na haya maji?"

Kimeu, aliyekuwa amezoea kuuliza yeye, akasimama. "Mzee, tumeandika—"

"Sikuuliza mlichoandika. Chukua kofia."

"Tutatuma mtu kesho."

"Kesho ni mbali. Kamau yuko pale."

"Anafanya nini?"

"Amelala mbele ya magurudumu."

Kimeu alinitazama, akamtazama mzee. "Amelala? Mtu mzima? Kwa nini?"

Mzee Ojwang' alinyanyuka, akamfungulia mlango.

"Anasema amelipa."